Taya Langu na Zumari ya Kassimu

Jumatatu, 2 Septemba

Mataruma thelathini na mbili leo, mimi na Ngassa. Ya chuma, ya reli ya zamani. Yanang'olewa na kupangwa pembeni, watu wawili kwa kila moja. Jua kali, kokoto zinachoma kupitia soli. Kitambaa nimekiuma mpaka kimetoboka. Hapa wabebaji wote tunauma kitambaa tukinyanyua, meno yasipasuke. Mimi nina miaka kumi na moja nauma.

Jioni nimerudi chumbani kwangu Cheyo, hapa Tabora, nimeoga, nimelowanisha jani la zumari mdomoni, nimepuliza. Sauti kama mbuzi anachinjwa. Nimepuliza tena. Mbuzi wa pili. Nimesikia watu wanacheka upande wa pili wa ukuta. Nimeifunga kwenye kanga yake.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimempigia Mama. Swali lake la kila Ijumaa: umeshajua? Nimesema bado.

Niandike mambo yalivyo, labda nitayaelewa. Kaka yangu Kassimu ndiye aliyekuwa mpiga zumari wa kwetu Pangani. Harusi zote walimwita yeye. Na kila Ijumaa baada ya alasiri alikaa mlangoni kwa Mama akampigia ule wimbo wa kumtoa bi harusi ndani. Alifariki wakati wa masika. Homa ya siku tatu. Mimi nilipata habari Jumanne asubuhi nikiwa relini, nikafika Jumatano usiku. Alizikwa Jumanne ile ile. Nilikuta tanga limekaliwa na kaburi lina maji. Nikapewa zumari.

Mama macho yamekwisha. Miguu imevimba, moyo umechoka. Dada yangu Mwanaidi ananiambia akiwa nje ya nyumba, Mama asisikie: daktari amesema tumrudishe tu nyumbani apumzike. Najua maana yake.

Mama ameomba kitu kimoja. Anasema nyumba imenyamaza. Anataka asikie zumari ikipigwa na mwanawe aliyebaki, hata kwa simu, kabla hajaenda. Basi. Hajaniomba kitu kingine maishani mwangu ninachokikumbuka.

Na mimi siwezi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekwenda mtaa wa Mtendeni kushonesha buti. Fundi viatu anaitwa Sudi, mzee wa mjini, kofia safi, ulimi mchafu. Zumari ilikuwa mfukoni imetoa kichwa. Akaiona. Kumbe ujanani alipiga klarineti kwenye bendi ya mji, ile iliyokuwa inatembea barabarani siku za sherehe. Akaniambia nipulize hapo hapo barazani, mbele ya wanywa kahawa. Nilikataa. Akasema buti haitoki mpaka nipulize.

Nikapuliza. Mbwa wa jirani akaondoka.

Fundi Sudi hakucheka. Alishika kidevu changu kwa mkono wenye gundi, akaniambia, "Unauma. Zumari haiumwi, bwana. Siyo muwa."

Nikamwambia siumi. Akanionyesha jani. Alama za meno pande zote mbili, limebanwa kama mdomo wa bata. Nilikuwa sijawahi kuliangalia.

Jumanne, 10 Septemba

Nimejichunguza kutwa. Nauma kila wakati. Nikibeba, nauma. Nikingoja chakula, nauma. Nikimwaza Kassimu, nauma zaidi. Asubuhi naamka taya linauma mpaka sikioni. Mwenye nyumba ameshaniambia kwamba ninasaga meno usiku, anasikia kupitia ukuta. Nilidhani ananitania.

Alhamisi, 12 Septemba

Fundi Sudi anafanya kazi na misumari midogo mdomoni. Kumi, kumi na tano. Anaitoa mmoja mmoja anagonga soli huku anaongea. Ameniambia niangalie vizuri. Inashikwa na midomo. Meno yako mbali, nyuma, hayahusiki. Ukiishika kwa meno unapasua jino au unameza. Anasema jani ni hivyo hivyo. Midomo inafunga kama mfuko wa kamba, ndani panabaki wazi kama umeweka kiazi cha moto mdomoni.

Akanipa misumari mitano. Nikae nayo nikiwa chumbani, nusu saa kila jioni.

Dakika ya pili nilisikia kah. Jino la juu limemeguka kipande.

Jumapili, 15 Septemba

Mtihani wa Fundi Sudi: mimi napuliza, yeye anaivuta zumari ghafla. Ikitoka bila kukwama, nimelegea. Leo ameivuta nikaenda nayo mpaka nikaanguka kwenye kiti chake. Wanywa kahawa wamefurahi sana. Mmoja ameniuliza kama nilinyimwa ziwa utotoni.

Nimewachukia wote.

Jumatatu, 16 Septemba

Kazi. Upepo wa vumbi. Ngassa ni Mnyamwezi wa Nzega na mimi Mzigua, kwa hiyo ni mtani wangu, na hanipumzishi. Amesema babu zake walibeba pembe za ndovu begani njia hii hii mpaka kwetu Pwani, na babu zangu wakawa wanakaa kivulini wanawapokea. Sasa zamu yangu. "Beba, mtani. Deni la babu hilo." Nikamwambia babu yake alibeba kwa sababu hakuwa na akili ya kukimbia. Tukacheka. Taya likalegea kidogo, nimeliona. Tukainama kunyanyua, likajifunga tena lenyewe kama mlango wenye upepo.

Ijumaa, 20 Septemba

Mama amekula uji vijiko vitatu. Mwanaidi amehesabu. Sauti ya Mama imekuwa ndogo. Ameuliza tena. Mimi, mjinga, nikasema Ijumaa ijayo utasikia. Kwa nini nimesema? Nilishindwa kusema bado mara nyingine.

Ijumaa, 27 Septemba

Naandika hili ili nisije nikajisahaulisha.

Nilijaribu wiki nzima. Mbuzi. Leo saa kumi na moja nikaazima simu ya Ngassa. Kwenye yangu ninayo sauti ya Kassimu, mtu alimrekodi harusini miaka miwili nyuma. Nikampigia Mama kwa simu ya Ngassa, nikamwambia sikiliza. Nikaiweka simu yangu karibu, nikabonyeza.

Kassimu akapiga. Safi. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Mwanaidi alimwekea Mama simu sikioni na nikamsikia Mama anavuta pumzi. Nikasema moyoni, basi, amepata, atalala.

Nilikuwa nimesahau kinachokuja baada ya mzunguko wa pili. Kigelegele. Kirefu, kimepanda juu ya zumari mpaka kimeifunika. Pwani nzima kigelegele hicho ni cha mtu mmoja.

Mama akasema, "Huyo ni mimi."

Nikazima. Nikabaki nimeshika simu mbili.

Hakulia. Hakunilaani. Alisema tu, "Athumani, unanichezea kwa sauti ya marehemu?" Kisha akamrudishia Mwanaidi simu.

Jumamosi, 28 Septemba

Sikwenda kazini. Aibu. Sijawahi kuona aibu ya namna hii, hata siku niliyofukuzwa shule.

Jumapili, 29 Septemba

Nimemweleza Fundi Sudi. Nilitaka anitukane, nipumue. Aliendelea kugonga soli. Baadaye akasema, "Mjinga wewe. Ungekata kabla ya kigelegele." Akanisukumia misumari.

Kama ni utani, sikucheka. Nikakaa nayo mdomoni mpaka magharibi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mama amekataa simu. Mwanaidi anasema akisikia jina langu anageukia ukutani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amekataa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Joto la kufa. Leo nimeamua kubeba bila kitambaa. Fundi Sudi ameniambia kazi ya nusu saa jioni haiwezi kushinda kazi ya masaa tisa ya mchana. Kama kutwa nauma, jioni nitaacha vipi?

Taruma la kwanza nikanyanyua mdomo wazi. Nguvu hazikuja. Upande wangu ukaanguka, nusura umsage Ngassa vidole. Alinitukana kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili. Nikamweleza kila kitu, Mama, simu mbili, kigelegele. Alisikiliza ameshika kiuno. Halafu akasema babu zake hawakuuma kitambaa, waliimba. Mzigo unanyanyuka na sauti, unatoka na pumzi.

Kuanzia hapo anaita, mimi naitikia ooo, ndefu, kutoka tumboni. Taruma linapanda na ooo. Ukisema ooo huwezi kuuma. Nimejaribu. Haiwezekani.

Koo limekauka. Ishirini na sita tu leo. Msimamizi amenuna.

Jumatano, 16 Oktoba

Thelathini na moja, bila kitambaa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Imetoka.

Nilikaa kitandani, jani jipya, nimelichonga mwenyewe kwa ukuti wa mvumo, ule mti kama mnazi. Nikasema ooo kwanza bila zumari. Nikaiweka mdomoni huku ooo bado ipo ndani. Midomo kwenye kisahani, kile kibati cha duara chini ya jani, na jani limekaa peke yake katikati, haliguswi na kitu. Nikapuliza. Sikuitambua. Nene, pana, imejaa chumba kizima. Upande wa pili wa ukuta hakuna aliyecheka.

Nikapiga mstari wa kwanza wa wimbo wa bi harusi. Nikapiga wa pili. Wa tatu sikuumaliza. Nililia. Sikumlilia Kassimu kaburini, sikumlilia kwenye basi, watu wakanisifu nina moyo. Leo nimemlilia mpaka nikalala na viatu.

Jumapili, 20 Oktoba

Fundi Sudi amevuta. Imetoka mdomoni mwangu kama kijiko kwenye uji. Ameishika, ameiangalia, amenirudishia. Amesema bado pumzi yangu fupi na vidole vyangu vya mbeba mawe. Kisha akaninunulia kahawa.

Jumanne, 22 Oktoba

Wimbo mzima, mizunguko mitatu. Nimemwomba Mwanaidi asimuulize Mama. Ijumaa amwekee simu tu sikioni.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ngassa alinishikia simu. Tulikaa nje ya kambi ya reli kwenye rundo la mataruma, saa kumi na moja, upepo umetulia. Mwanaidi akasema tayari, nimeiweka.

Nilipiga. Taya halikukaza hata mara moja. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sijawahi kufanya kitu chochote vizuri namna ile. Nilipomaliza nikasogeza sikio kwenye simu.

Kisha Mama. Sauti kwa mbali, inamwambia Mwanaidi. Nilisikia kila neno.

"Safari hii wamekitoa kigelegele changu."

Mwanaidi akasema hapana, Mama, huyu ni Athumani, anapiga mwenyewe, sasa hivi, huko Tabora. Mama akasema Athumani hajui. Akasema huyo ni Kassimu, mwacheni mwanangu apumzike. Nikapiga kelele kwenye simu, Mama ni mimi, ni mimi. Mwanaidi anasema alikuwa ameshaisukuma pembeni na shuka amejifunika.

Ngassa akanirudishia simu. Hakunitania.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekaa usiku macho. Karibu na alfajiri nikaona kilichonipasa kufanya, nikakaa kitako kitandani.

Ningeliuma jani. Katikati ya wimbo, ningeliuma mara moja tu, mbuzi akalia. Kassimu hakuwahi kuuma. Ni mimi. Tangu utotoni nikiiba zumari yake na kuipuliza nyuma ya nyumba, Mama alikuwa anatambua kutoka jikoni na kunifokea niirudishe. Angenijua pale pale. Labda angecheka.

Nilishughulika kupiga vizuri. Sikufikiri.

Ijumaa nitapiga tena. Nitauma kwanza, ndipo nitapiga vizuri.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mwanaidi anasema Mama anaongea kidogo. Nimemweleza mpango wangu. Amelia, akasema ni mzuri.

Jumatano, 30 Oktoba

Mama amefariki alfajiri.

Nimeingia basi la saa kumi na mbili. Naandika humu humu ndani ya basi. Mwanaidi amepiga tukiwa tumepita Igunga, anauliza wangoje? Joto, mwili hauwezi. Wazee wamesema baada ya adhuhuri. Nimesema zikeni.

Adhuhuri tulikuwa Singida. Abiria walishuka kula. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikahesabu: sasa wanamtoa. Sasa wako njiani. Sasa wanatia udongo. Mara ya pili mwaka huu nazika mtu nikiwa barabarani.

Jumapili, 3 Novemba

Pangani. Kaburi lake liko ubavuni mwa Kassimu. Udongo umekauka. Nimesoma nilichokijua.

Zumari sikuitoa. Watu walijua ninayo. Hakuna aliyeniomba.

Mwanaidi ameniambia jambo leo tukipepeta mchele. Anasema Jumanne, siku moja kabla, Mama alimuuliza zimebaki siku ngapi kufika Ijumaa. Akajibiwa tatu. Akasema haya. Mwanaidi hakumuuliza kwa nini. Amejilaumu mbele yangu. Nikamwambia asijilaumu. Na mimi nimelibeba hilo neno, haya, naligeuza huku na huku. Alikuwa anangoja zumari? Alikuwa anangoja kunikataza? Au alikuwa anahesabu siku tu, kama wagonjwa wanavyohesabu? Sitajua.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimerudi Tabora. Mvua ya kwanza imenyesha, mji unanuka udongo. Nimepita Mtendeni. Fundi Sudi ameacha kazi, akafuta mikono, akanipa pole kwa mikono miwili. Hakuuliza kama Mama alisikia au hakusikia. Buti yangu ya kushoto imefunguka tena, ameichukua akaanza kuishona.

Jumatatu, 11 Novemba

Kazini. Kokoto zimelowa, zinateleza. Wenzangu wamenipa mkono mmoja mmoja.

Ngassa akasimama upande wake, mimi wangu. Nilitaka kuuma. Leo nilitaka kweli, nibane kila kitu huko ndani kama zamani, siku ipite. Nikauma. Taya likakaa kidogo, likajiachia lenyewe. Nikauma tena, likajiachia. Limesahau. Tukanyanyua, na pale juu, taruma likiwa kiunoni, kilio kikanitoka mdomo wazi mbele ya genge zima.

Mila inamruhusu Ngassa. Mtani kwenye msiba ana haki ya kusema lolote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Nilingoja aseme. Wote walingoja.

Hakusema. Akaita, kwa sauti ya chini, kama anavyoita siku zote. Nikaitikia nilivyoweza. Tukalipeleka mpaka kwenye rundo, tukalishusha, tukarudi kuchukua jingine.

Ishirini na mbili leo. Mvua ilitusimamisha saa tisa.